Nisiwe Mteja

Kuna sauti moja ambayo kila Mkenya mwenye simu anaijua kuliko sauti ya mwalimu wake wa darasa la kwanza. Ni ile ya mwanamke mtulivu anayekuambia kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Tumeisikia mara nyingi hadi tukaifanya neno. Mtu akizima simu, ako mteja. Akikwepa deni, amekuwa mteja. Mpenzi akianza kuwa mteja kila Ijumaa jioni, jua kilichobaki ni wewe kukubali tu. Pwani, neno hilo limekatwa likabaki teja, na lina uzito mwingine: ni kijana ambaye unga umemshika, na mama yake hulitamka kwa sauti ya chini. Halafu kwa sisi tunaofanya kazi za mtandaoni, mteja ni yule mtu wa nchi ya mbali ambaye hujawahi kumwona, anayekutumia faili usiku na kuitaka asubuhi yake, si yako.

Mimi naishi ndani ya gari. Si wikendi, si likizo. Hiki ni kikao changu, huu mwaka wa pili. Kazi yangu ni kuandika manukuu ya video na kugeuza mahojiano ya sauti kuwa maandishi, kwa hivyo kila siku ninapakua na kupakia. Zaidi ya hiyo kazi, siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, lazima nipatikane kwa simu saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya mama. Wengine wakipanga safari wanaangalia hoteli na bei ya mafuta. Mimi naangalia nitakuwa mteja wapi na lini.

Gari lenyewe ni nissan ya zamani. Ni Toyota, lakini matatu ya abiria 14 tunaiita nissan hata kama ni Toyota, na hakuna aliyewahi kulalamika. Ilibeba watu kati ya Kitale na Eldoret mpaka mjomba wangu akachoshwa na gharama za barabarani, akaiegesha nyuma ya nyumba chini ya mparachichi, kuku wakaanza kutagia kiti cha nyuma. Nilimlipa 20,000 kwa mwezi kwa miezi 18. Pesa hizo ndizo ningempelekea landilodi wa Roysambu kwa bedsita na stima. Fundi wa jua kali Kariobangi aling'oa viti, akachomelea kitanda chenye sanduku chini yake, akaweka meza inayokunjwa. Tulipaka rangi nyeupe mara mbili, lakini jua likiwa kali bado unaweza kuona mstari wa manjano wa matatu ukijitokeza chini yake. Askari wa barabarani wanauona mstari huo kutoka mbali. Wananisimamisha wakitafuta abiria waliozidi. Nafungua mlango, wanakuta kitanda, meko ya gesi na laptopu.

"Madam, hii ni nini sasa?"

"Ni nyumba, afande."

"Na bwana yako anajua?"

Nikieleza naishi hivi, watu huuliza kwanza kuhusu choo. Swali la pili ni usalama. La tatu, hasa likitoka kwa vijana wenzangu, ni mtandao: sasa wewe unapata netiweki aje? Choo na usalama nitaviandika siku nyingine. Leo ni netiweki.

*

Jambo la kwanza ambalo gari linakufundisha ni kwamba bati ni ukuta. Ukiingia ndani ya nissan ukafunga mlango, umejifungia ndani ya mkebe, na mawimbi ya simu hayapendi mkebe. Simu iliyokuwa na mistari minne nje inabaki na mmoja ndani. Ndiyo maana ruta yangu haitegemei antena zake ndogo. Juu ya gari kuna mlingoti wa mabomba unaorefushwa hadi kama mita nne, na kwenye ncha yake kuna antena inayotazama upande mmoja, kama mtu mwenye kiburi. Unaizungusha polepole huku mtu akisoma namba kwenye simu. Mistari ile ya simu ni ya kukufurahisha tu. Namba ndizo husema ukweli. Ziko upande wa hasi, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo mambo yanavyokuwa mazuri. Hasi 80, naweza kuongea kwa video na mteja nikiwa nimevaa blauzi nzuri juu na leso chini. Hasi 100, faili zinapita lakini kwa kujikokota. Hasi 115, hapo unaweza kutuma ujumbe wa WhatsApp, ukapika ugali, ukala, ukaosha vyombo, ndipo uone tiki ya kwanza.

Mlingoti wa kampuni, ule mrefu wenye taa nyekundu, sisi tunauita busta. Nimejifunza kusoma busta jinsi nyanya yangu alivyosoma mawingu. Mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya megahazi 800, yanafika mbali na kupenya kuta vizuri kuliko yale ya 1,800. Yale ya juu nayo yanaweza kubeba mengi zaidi ukiwa karibu. Kwa hivyo ukiwa mbali na mji, unaweza kuona 4G kwenye simu na bado ukapata kasi ya punda. Busta moja inahudumia kila mtu aliye chini yake. Siku ya soko mtandao unapungua nguvu kama maji ya mfereji wakati kila nyumba inafua. Mechi kubwa ikichezwa, sahau. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne, watu wote wako kwenye video, na mimi siwezi kupakia hata faili ya dakika kumi. Saa tisa usiku barabara hiyohiyo ni tupu. Ndiyo maana nimekuwa mtu wa kulala saa mbili na kuamka na wachawi.

Umeme nao ni hesabu. Paneli ya sola ya wati 200 iko juu ya paa, betri ya lithiamu ya 12V na ampia 100 iko chini ya kitanda. Betri hiyo ikijaa ina kama wati-saa 1,280. Laptopu inakula wati 45 hivi nikifanya kazi, kwa saa nane hizo ni 360. Ruta inakula kama 10, lakini haizimwi, kwa hivyo kufika kesho imekula 240. Ukiongeza taa, simu mbili na feni, mia saba imeisha. Kwa jua la Isiolo, paneli inarudisha hizo zote kabla ya saa nane mchana. Kwa ukungu wa Limuru mwezi wa Julai, inarudisha robo, na siku ya tatu nakuwa mgeni wa kudumu wa kibanda cha chai chenye soketi. Ruta nimeiunganisha moja kwa moja na 12V bila inveta, kwa sababu inveta inakula umeme hata kama haifanyi kazi yoyote, kama mjumbe wa kamati ya harusi.

*

Sasa kuhusu mama.

Figo zake zilikataa kazi miaka mitatu iliyopita. Anaishi Moi's Bridge, na husafishwa damu Eldoret mara mbili kwa wiki. Ni safari ya zaidi ya kilomita 40 kwenda, kisha saa nne kwenye mashine, kisha kurudi akiwa mwepesi kama nguo iliyokamuliwa. Kaka yangu humsindikiza. Wanabebwa na Probox ya jirani, na jirani haingizi ufunguo kabla ya kuona ujumbe wa pesa, kwa sababu naye lazima aweke mafuta. Nauli ni zamu yangu. Saa kumi na moja alfajiri natuma, halafu nampigia mama tunaongea kidogo, halafu anaenda.

Mama hutumia mulika mwizi. Tulimnunulia simu ya kugusa akairudisha kwenye boksi yake, akaweka boksi juu ya kabati, na juu ya boksi akaweka Biblia. Simu yake ndogo inakaa na chaji siku nne na haina WhatsApp wala haitaki. Kwa hivyo nina ramani mbili za Kenya. Ya kwanza ni ya mteja: mahali penye 4G ya kutosha kupakia sauti. Ya pili ni ya mama: mahali popote penye mawimbi ya 2G, kwa sababu simu ya kawaida na M-Pesa hazihitaji intaneti. Ramani ya mama ni kubwa zaidi. Kuna mabonde ambapo mteja wa ng'ambo hawezi kunipata hata kwa maombi, lakini mama ananipata kwa mistari miwili.

Zipo siku ambazo tofauti hiyo ilikuwa wazi kwa nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa nimeegesha Kilifi. Siku hiyo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, karibu na Afrika Kusini, na mtandao wa Kenya na Tanzania ukaanza kuchechemea. Nilikaa ufuoni nikiangalia maji yaleyale. Intaneti yetu nyingi huingia nchini kwa kamba zinazofika Mombasa. Seacom na TEAMS zilitua mwaka wa 2009, EASSy mwaka uliofuata. Nilikuwa mwendo wa saa moja hivi kutoka mlango ambao dunia hupitia kuingia Kenya, na sikuweza kufungua barua pepe. Jumanne ya tarehe 14, mama alishika simu mlio wa kwanza.

Na jioni ya 25 Juni mwaka huo, mtandao ulipozorota nchi nzima, nilikuwa Naivasha. Wadogo zangu wawili walikuwa Nairobi mjini tangu asubuhi na bendera na chupa za maji. Picha hazikufunguka. Ujumbe ulibaki na saa ndogo ya kungoja. Nikarudi kwa njia ya wazee: kupiga. Wa kwanza alishika akiwa Ngara, anahema. Wa pili alishika saa mbili na nusu usiku. Kati ya simu hizo mbili nilikuwa nimefagia gari mara tatu.

*

Kuna wakati tuliahidiwa kwamba mtandao utatoka angani. Mwaka wa 2020, mwezi wa Julai, maputo ya mradi wa Loon yalianza kutoa huduma Kenya wakishirikiana na Telkom. Yalikuwa kama 35, yakielea kilomita 20 hivi juu yetu, na eneo lao lilikuwa pamoja na Iten, Eldoret, Baringo na Nakuru. Mama alikuwa bado mzima wakati huo. Aliniuliza kama maputo hayo yanaweza kuona watu wakioga. Januari 2021 ikatangazwa kwamba mradi unafungwa. Bonde la Kerio lilibaki na tabia yake: ukiwa Iten, mita 2,400 juu, mtandao ni tele, ukishuka huko chini barabara ikijipinda, mistari inatoka mmoja mmoja kama wageni wanaoaga.

Nayasema haya kwa sababu ukiishi kwenye gari unaacha kuona mtandao kama hewa. Unajua kila mstari una mwenyewe, una kilima chake, una jenereta yake, na kuna siku jenereta inanyamaza.

Ilinitokea katika kituo kimoja kaskazini mwa Maralal. Nilikuwa nimefika Jumamosi. Busta ilikuwa juu ya kilima kidogo, naiona kutoka kitandani, hasi 85, laini zangu zote mbili zinasoma. Niliegesha kando ya duka la mama mmoja aliyeniuzia maji na kuniambia nisilipe kulala, nilipe tu kuni zake chache. Jumapili jioni kijana wa bodaboda akaja na dada yake. Dada alikuwa amemaliza kidato cha nne, anataka kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa wiki hiyo. Simu yao ilikuwa inafungua ukurasa hadi katikati na kufa. Walikuwa wamesikia kuna madam ana kompyuta kwenye gari.

Bando yangu ilikuwa imebaki na giga mbili na nilikuwa na faili ya mteja ya kupakia usiku. Tulikaa na yule msichana hadi saa nne. Tulisoma alama za kila kozi, tukapiga hesabu, tukafuta, tukaanza tena. Alitaka uuguzi. Kaka yake alitaka asome ualimu kwa sababu shule iko karibu, kazi ni karibu. Msichana alibofya uuguzi bila kumwangalia. Asubuhi, walimu wawili na mzee mwenye barua ya fidia ya mifugo walikuwa wamepanga foleni mlangoni. Nikawa saiba ya kijiji, bila bango.

Jumatatu usiku niliamka saa tisa kupakia kazi. Hakuna mtandao. Nikageuza antena, hakuna. Nikatoa laini ya pili, ile ya kampuni nyingine, hakuna. Nikatoka nje. Taa nyekundu ya busta haikuwepo. Kampuni mara nyingi hupanga mnara mmoja kama wapangaji wa ploti moja, kwa hivyo mnara ukilala, laini mbili ni sawa na sufuri mbili. Kwa mteja hiyo ilikuwa hasara tu. Angekasirika, angekata alama za nyota. Lakini ilikuwa inaelekea kuwa Jumanne.

Nilipiga mlango wa mama wa duka. Akamwamsha kijana wa boda. Sikuhitaji kumweleza sana. Nilisema tu "mama yangu" na "saa kumi na moja," akawasha pikipiki. Alisema kuna jiwe. Kila mahali pasipo na mtandao kuna jiwe, au mti, au kona ya barabara ambapo wenyeji wanajua ukisimama ukiangalia upande fulani simu inalia. Gari langu lisingefika huko. Tulipanda dakika arobaini gizani, taa ya pikipiki ikionyesha macho ya mbuzi, mimi nikiwa nimeshika simu mkononi kama tochi, nikiangalia pale juu kwenye kona panapoandikwa hakuna huduma.

Mawimbi ya 2G yaliundwa kufika hadi kilomita 35 kutoka kwenye mnara, mradi hakuna kitu kilichosimama katikati. Nilikuwa nimeisoma hiyo mahali nikaichukulia kama maarifa ya watu wa uhandisi. Pale juu ya jiwe, saa kumi na dakika hamsini, ikawa mstari mmoja. Mstari mmoja mwembamba kutoka busta ya mji mwingine ambao taa zake sikuweza hata kuziona.

Hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na wanaume wawili wenye shuka na mwanamke mmoja amebeba mtoto mgongoni. Mwanaume mmoja alikuwa anauliza bei ya mbuzi Nyahururu. Mwanamke alikuwa anangoja mume wake ampigie kutoka Nairobi akitoka zamu ya usiku. Alikuja kila wiki, alisema, siku busta ikiwa nzima au ikiwa imelala, kwa sababu pale juu hakuna mtu wa kumsikiliza. Tulipeana nafasi kwenye jiwe bila maneno. Nilituma nauli. Ujumbe ulizunguka, ukazunguka, ukaingia. Nikapiga.

"Mama," mama akasema. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Leo upepo ni mwingi huko kwako."

"Niko juu kidogo."

"Umekula?"

"Ni saa kumi na moja, mama."

"Sasa ndiyo nauliza."

*

Marafiki waliposikia hadithi hiyo waliniambia kwa sauti moja: nunua Starlink, wacha shida. Ni ushauri wa maana. Huduma hiyo iliingia Kenya Julai 2023, na setilaiti zake ziko kama kilomita 550 tu juu, si kilomita 35,786 kama zile za zamani zilizofanya sauti ichelewe hadi mnaongea mkigongana. Nimekaa wiki moja Nanyuki kando ya kambi yenye sahani hiyo. Nilipakia kazi ya siku tatu kwa dakika ishirini, nikabaki nimekaa kama mtu aliyeshuka kwenye lifti kabla ya ghorofa yake. Shida ni umeme, maana sahani ya kawaida inaweza kula wati 50 hadi 75, zaidi ya laptopu yangu. Hiyo inatatuliwa na paneli ya pili, na naiwekea akiba.

Lakini sahani hiyo ingenipa mteja peke yake. Mulika mwizi ya mama haiongei na setilaiti ya mtu yeyote. Ningeweza kuwa katikati ya Chalbi nikitazama filamu bila kukwama, na kwake mimi ni yule mwanamke mtulivu anayesema hapatikani kwa sasa. Kwa hivyo nimeongeza kanuni moja: usiku wa Jumatatu na wa Alhamisi nalala mahali ninapoweza kushika minara miwili iliyo mbalimbali, hata kama mmoja ni hafifu. Kabla ya giza naizungusha antena, nahesabu. Isipofika miwili, nawasha gari.

Kanuni hiyo inanigharimu. Nimeacha maji ya moto ya Kapedo kabla sijalowesha hata miguu. Nimefika Loiyangalani mara moja tu, nikaona mitambo ile 365 ya upepo ikizunguka kwenye mawe, nikalala siku mbili na kuondoka kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakuja. Rafiki yangu mmoja aliniambia nimehama nyumba lakini sijahama kamba. Sikumjibu. Ni kweli kuna asubuhi ninazotamani kuwa mteja kabisa, simu izimwe, itupwe kwenye sanduku chini ya kitanda pamoja na viazi, niende mahali ambapo hakuna anayenidai faili wala sauti.

Mwaka huu kaka yangu alipata kazi ya kudumu. Akapiga simu, ameshafanya mpango: atakuwa akimlipa jirani wa Probox kwa mwezi mzima, mara moja. "Wewe sasa pumzika," akasema. "Lala mpaka saa mbili kama watu." Nilishukuru. Nilifungua ramani usiku huo na kuangalia sehemu zote ambazo sasa ningeweza kufika.

Mama alikataa. Si mpango wote. Alikubali kaka alipe. Alichokataa ni simu kukoma. Nilimwambia nitakuwa nampigia mchana akitoka kwenye mashine, ambapo mtandao ni rahisi.

"Mchana ni mbali," akasema.

"Lakini nauli imelipwa, mama. Hakuna haraka tena alfajiri."

Akanyamaza. Nilidhani laini imekatika, nikaangalia mistari, ilikuwa mitatu.

"Mimi kila mtu anajua niko wapi," akasema. "Niko kitandani kwangu au niko kwa ile mashine. Wewe ndiye unalala kwa barabara. Nikienda pale wakinifunga zile mipira, saa nne, ninafikiria nini? Ikiwa nimesikia umeamka, ninalala. Ikiwa sijasikia, ninahesabu."

Miaka hiyo yote nilikuwa nikidhani mimi ndiye ninayemwangalia. Nilikuwa nimeweka kengele, nimenunua antena, nimepanda mlima, ili mgonjwa apate kufika hospitalini. Naye, kwa upande wake, kila Jumanne na Ijumaa alikuwa anaitisha majina ya darasa lake la mtu mmoja.

Kwa hivyo sasa tuna mpango mpya. Nauli ni ya kaka. Mimi natuma shilingi 100, ya chai, ili ule ujumbe wa M-Pesa uendelee kulia kwenye mulika mwizi yake kabla hajavaa viatu. Halafu napiga. Tunaongea dakika tatu, wakati mwingine nne. Ananiuliza nimelala wapi na mimi husema jina la mahali, na yeye hulirudia polepole, Suguta Marmar, Mtito Andei, Kinamba, kama mtu anayeweka vitu kwenye kabati. Amejifunza hata kuuliza, "Na busta unaiona?"

Naiona, mama. Ziko mbili.

Wiki ijayo naelekea Samburu tena. Yule msichana amepata nafasi ya uuguzi na kaka yake ametaka nipite tunywe chai. Nitakuwa kwao wikendi, na Jumatatu kabla ya giza nitakuwa nimerudi Maralal mjini. Ukiwa na kazi ya manukuu niandikie, nitakujibu usiku, saa tisa, mtandao ukiwa mtupu. Ila usinipigie Jumanne au Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Hutaambiwa sipatikani. Utaambiwa laini inatumika.